Deni la Chakula cha Kijiji: Ari ya Kufaulu katika Historia ya Mwanachuo wa Tanzania

Utangulizi

Mwezi wa Mei mwaka 1964, alipokuwa akiueleza mbele ya Bunge Mpango wa Kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano, Mwalimu Julius Nyerere alitoa mfano ambao wasomi wa nchi hii wamekuwa wakikumbushwa tangu siku hiyo. Kijiji kimepatwa na njaa. Wanakijiji wanakusanya chakula chote kilichosalia na kumpa kijana mmoja, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada. Kijana huyo akila chakula hicho kisha asirudi, amewasaliti waliomlisha. Kijana wa mfano ule ni mwanafunzi wa elimu ya juu, na chakula alichopewa ni jasho la mkulima.

Mfano huu umezungumzwa sana kama somo la siasa na maadili. Katika makala hii nakusudia kuutazama kwa jicho jingine. Tujiulize: ni kitu gani kinachomfanya kijana yule atembee? Anayetembea kwa kuwa anaikumbuka njaa ya wenzake, na anayetembea kwa kuwa anatamani kuuona mji, wote wawili huonekana njiani wakienda mwendo mmoja. Tofauti yao haijulikani mpaka wafike. Hali kadhalika, katika ukumbi wa mtihani hatuwezi kumtenga mwanachuo mmoja na mwingine kwa kuitazama kalamu yake. Wote wanaandika, wote wanataka kufaulu.

Msukumo huo wa ndani, unaomfanya mtu ajiwekee lengo gumu na kulifuata hata pale anapochoka, ndio ninaouita hapa ari ya kufaulu. Wataalamu wa elimu-nafsi huueleza kwa kutaja mambo ya mtu binafsi: umri wake, jinsia yake, malezi yake, na imani aliyo nayo juu ya uwezo wake. Sipingani nao. Lakini historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inatuonyesha kwamba mambo hayo ya mtu binafsi hupata nguvu au hupoteza nguvu kufuatana na jibu la swali moja: anayefaulu, hufaulu kwa ajili ya nani? Kila mara nchi ilipolibadili jibu la swali hilo, ari ya wanachuo nayo iligeuka.

Ari na kipimo chake

Mtaalamu aliyeipa elimu hii sifa kubwa ni David McClelland wa Marekani, aliyechapisha kitabu chake kikuu juu ya jamii zenye ari ya kufaulu mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata uhuru. Yeye aliamini kwamba maendeleo ya uchumi wa taifa hutokana kwa sehemu kubwa na wingi wa watu wenye ari hiyo, na kwamba ari yenyewe hupandwa utotoni. Ili kuipima, aliwataka watu watunge hadithi fupi kutokana na picha walizoonyeshwa, kisha akahesabu ni mara ngapi hadithi hizo zilitaja hamu ya kufanya jambo vizuri zaidi. Alikusanya pia hadithi za vitabu vya watoto vya nchi mbalimbali na kuzipima kwa namna hiyo hiyo.

Jaribio jingine katika elimu hii ni la mchezo wa kutupa pete ili ziingie katika kigingi. Mchezaji huachiwa achague mwenyewe mahali pa kusimama. Mwenye ari kubwa hasimami karibu mno, kwa kuwa kushinda hapo si kitu. Wala hasimami mbali mno, kwa kuwa kushinda kutoka huko ni bahati nasibu. Husimama mahali ambapo juhudi yake ndiyo itakayoamua. Bali mtu anayetawaliwa na hofu ya kushindwa, kama alivyoeleza John Atkinson, mara nyingi huchagua ncha mbili: kazi rahisi isiyoweza kumwaibisha, au kazi ngumu mno ambayo hakuna atakayemlaumu akiikosa. Kila mwalimu aliyewahi kusahihisha kazi za wanafunzi huwajua watu wa aina zote hizi.

Elimu hii si ngeni kwetu kama inavyodhaniwa. Wahenga wetu walikwisha kuujadili mvutano uliopo baina ya juhudi na majaaliwa. Walisema kwamba achanikaye kwenye mpini hafi njaa. Na mara wakaongeza kwamba jitihada haiondoi kudura. Mtu akiamini methali ya kwanza peke yake, atajiona yeye ndiye chanzo cha kila jambo linalompata. Akishika ya pili peke yake, atakaa chini angoje. Watafiti wa leo hutumia hojaji ndefu ili kujua mwanafunzi anaegemea upande gani, kwa sababu wameona kwamba anayeamini kuwa kushindwa kwake kumetokana na uchache wa juhudi hujaribu tena, na anayeamini kuwa amezaliwa hana akili huacha.

Walakini, kipimo cha McClelland kilichongwa kwa mti wa kwao. Ari aliyoipima ilikuwa hasa ya mtu mmoja anayeshindana na wenziwe au na rekodi yake mwenyewe, na mfano wake bora ulikuwa mfanyabiashara. Anayelima kwa nguvu ili wenzake katika kazi ya kiwili wasimwone mzembe, au mtoto anayesoma ili mdogo wake naye apate kupelekwa shule, hapati mahali pake kwa urahisi katika rula hiyo. Yatupasa basi tuitazame ari ya mwanachuo wetu mahali ilipokulia.

Ngazi ya ukoloni

Katika Tanganyika ya ukoloni wa Mwingereza, elimu ya Mwafrika ilikuwa ngazi yenye vipago vichache na vilivyoachana mno. Mtoto alichujwa katika darasa la nne, akachujwa tena katika la nane na la kumi, na waliosalia wakaufikia mtihani wa darasa la kumi na mbili uliotungwa Uingereza. Juu ya hapo palikuwa na Makerere, Uganda, iliyoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi na ikawa chuo shirika cha Chuo Kikuu cha London mwaka 1949. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliipitia njia hiyo: Tabora tangu 1937, Makerere tangu 1943 hadi 1945, kisha Edinburgh tangu 1949 hadi 1952.

Ngazi ya namna hii ilifundisha somo ambalo halikuandikwa katika muhtasari wowote. Ilimfundisha mtoto kwamba kufaulu ni kubaki wakati wenzake wanaondoka. Kila kipago alichopanda kiliwaacha chini ndugu na marafiki. Mwisho wa ngazi palikuwa na kazi ya ofisini, nyumba ya Serikali na mshahara wa mwezi. Si ajabu kwamba wengi waliofika juu walijiona wameokoka.

Hata hivyo, yafaa tukumbuke kwamba hapana aliyepanda peke yake. Katika Kilimanjaro na Bukoba, ambako kahawa iliwapa wakulima fedha na misheni zilijenga shule nyingi, watoto walikuwa na nafasi kubwa ya kuendelea kuliko wenzao wa mikoa isiyokuwa na zao la biashara wala misheni. Mara nyingi ada ilitokana na magunia ya ukoo mzima, na aliyesomeshwa alijua ni mjomba yupi aliyeuza ng'ombe. Kwa hiyo, katika moyo wa msomi mmoja palikuwa na misukumo miwili: ule wa ngazi, uliomwambia ajiokoe, na ule wa ukoo, uliomwambia anadaiwa. Uhuru ulipofika, misukumo hiyo miwili ilihamia Chuo Kikuu.

Mzozo wa Oktoba 1966

Chuo Kikuu kilianza mwezi wa Oktoba mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wasiofika 15. Mwaka 1964 kilihamia nje ya mji, kwenye kilima ambacho watu wote sasa hukiita Mlimani. Mwaka huo huo Serikali ilifuta ada katika shule za sekondari, na wanachuo walio wengi walisoma kwa fedha za umma. Deni lililokuwa la ukoo likawa la taifa.

Lakini deni la taifa halina uso. Mjomba aliyeuza ng'ombe anajulikana kwa jina; mlipa kodi wa wilaya ya mbali hajulikani. Jambo hili lilidhihirika tarehe 22 Oktoba 1966. Serikali ilikuwa imeamua kwamba wahitimu waingie Jeshi la Kujenga Taifa kwa lazima, wakae kambini kwa miezi kadhaa, kisha wafanye kazi kwa muda uliobaki wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi waliandamana mpaka Ikulu kupinga mpango huo, na miongoni mwa mabango yao lilikuwamo lililodai kwamba hali ilikuwa afadhali wakati wa ukoloni. Rais aliwasikiliza, kisha akawafukuza. Karibu wanafunzi 400, wengi wao wa Chuo Kikuu, walirudishwa makwao. Siku hiyo hiyo alitangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, akikiri kwamba vijana wale walikuwa wameiga tamaa ya wakubwa wao.

Tukio hili kwa kawaida huelezwa kama utangulizi wa Azimio la Arusha la Februari 1967 na wa siasa ya Elimu ya Kujitegemea iliyotangazwa mwezi uliofuata. Kwa makusudi ya makala hii, lina fundisho la pili. Vijana waliofukuzwa hawakuwa watu wasio na ari. Walikuwa ndio walioishinda michujo yote. Walichokosa ni sababu ya kufaulu iliyo kubwa kuliko wao wenyewe, na hawakuikosa kwa ubaya wa roho, bali kwa kuwa ngazi waliyoipanda haikuwa imewapa sababu hiyo. Walio wengi waliruhusiwa kurudi masomoni mwaka 1967, na Mlima waliourudia haukuwa tena ule waliouacha.

Kazi zisizokuwa na alama

Miaka iliyofuata ilikuwa na uhai ambao mtu akiupima kwa matokeo ya mitihani tu hawezi kuuona. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alichapisha tamthilia yake ya Kinjeketile, iliyoirudisha Vita ya Maji Maji ya 1905 hadi 1907 mbele ya macho ya Watanzania kwa lugha yao. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, mwaka mmoja baada ya mwandishi wake kupata shahada hapo hapo Mlimani. Wanafunzi wenye mrengo wa kimapinduzi waliendesha gazeti lao la Cheche tangu mwaka 1969 mpaka lilipopigwa marufuku mwezi wa Novemba 1970, miezi michache baada ya Chuo kuwa Chuo Kikuu kamili tarehe 1 Julai mwaka huo.

Kuandika katika gazeti la namna hiyo hakukumpa mwanachuo alama hata moja. Kulimwibia muda wa kujisomea, na kungeweza kumletea matatizo. Hata hivyo waliandika, wakasahihisha, wakachapa na kuuza. Ikiwa ari ya kufaulu ni kusimama mahali ambapo juhudi ya mtu ndiyo itakayoamua, basi vijana hawa walikuwa wamejichagulia mahali pao pa kutupia pete. Walikuwa wamepata hadhira waliyoijali. Hadhira hiyo ndiyo iliyowafanya wawe wakali juu ya kazi yao wenyewe kuliko mtahini yeyote.

Umri na kazi: Azimio la Musoma

Jaribio kubwa kuliko yote lilikuja mwezi wa Novemba mwaka 1974, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilipokutana Musoma. Iliamuliwa kwamba mwanafunzi asitoke sekondari akaingia Chuo Kikuu moja kwa moja. Kwanza apite Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi kwa muda usiopungua miaka miwili, na maombi yake yaungwe mkono na mwajiri wake pamoja na Chama. Kwa lugha ya wataalamu, Taifa liliyabadili kwa amri moja mambo ya binafsi ya wanachuo wake: umri, uzoefu wa kazi, hali ya ndoa, na hata maana ya kufaulu.

Mtu wa miaka 28 aliyewahi kusimamia ghala au kufundisha darasa la watoto 50 hakuhitaji kuelezwa kwa nini asome. Alikuwa na maswali aliyotoka nayo kazini. Alikuwa pia na mke au mume, watoto, na wazazi waliokuwa wakingojea barua yake. Deni lake lilikuwa limerudishiwa uso. Mwanachuo wa namna hii hujadiliana na mhadhiri wake kama mtu mzima na mtu mzima mwenziwe.

Lakini haifai kuficha upande wa pili. Hesabu na sayansi ni kama chuma: zikiwekwa bila kutumiwa huota kutu, na miaka iliyopita baina ya sekondari na Chuo iliwatoa wengi katika mkondo wa masomo hayo. Matunzo ya familia, ambayo kwa mmoja yalikuwa mwiba wa kumwamsha, kwa mwingine yalikuwa mzigo wa kumwangusha. Tena sharti la kuungwa mkono liliweka ufunguo wa mlango mikononi mwa wakubwa wa kazi, na si kila mkubwa anayependa kumwona aliye chini yake akipanda. Hatua kwa hatua masharti yalilegezwa, na katikati ya miaka ya 1980 njia ya kuingia Chuo bila ya miaka ile ya kazi ilikuwa imefunguliwa tena.

Mwanachuo mwanamke

Walioumizwa zaidi na sharti la kungoja walikuwa wasichana. Msichana aliyemaliza kidato cha sita hakungojwa na kazi peke yake. Alingojwa na posa. Miaka miwili ya kazi mara nyingi ilikuwa miaka ya kuolewa na kuzaa, na baada ya hapo ruhusa haikutoka kwa mwajiri wala kwa Chama, ilitoka kwa mume na wakwe. Idadi ya wanawake walioingia Chuo Kikuu ilishuka. Haikupita miaka mingi kabla Serikali haijawaondolea sharti hilo, nao wakaongezeka tena.

Hapa tuna ushahidi wa thamani. Mwaka 1968 Matina Horner, akifanya utafiti katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, aliwataka wanafunzi wa kike wamalizie hadithi ya msichana aliyekuwa wa kwanza katika darasa la udaktari. Zaidi ya nusu walimpa msichana huyo mwisho mbaya: upweke, lawama, au kuacha masomo. Horner alisema kwamba wanawake wana hofu ya kufaulu. Baadaye watafiti wengine waliwapa wanaume nao hadithi ya msichana yule yule, na wanaume pia wakampa mwisho mbaya. Ikaonekana kwamba hofu ile haikukaa moyoni mwa wanawake tu, bali katika hadithi ambazo jamii nzima huzisimulia juu ya mwanamke aliyetangulia mbele.

Kwetu Tanzania, nafsi za wasichana wa mwaka 1975 hazikuwa tofauti na nafsi za dada zao waliowatangulia. Kilichobadilika ni kanuni ya mlangoni. Kati ya wanafunzi wachache wa kwanza wa sheria wa miaka ile ya mwanzo alikuwamo Julie Manning, ambaye mwaka 1975 alikuwa mmoja wa wanawake wawili wa kwanza kuwa mawaziri katika nchi hii, pamoja na Tabitha Siwale. Ari ya namna hiyo haikuwa adimu kwa asili. Iliyokuwa adimu ni nafasi.

Deni linapogeuka

Mwezi wa Machi mwaka 1978 wanachuo waliandamana tena. Safari hii hawakuutetea mshahara wao, bali walipinga nyongeza ya marupurupu waliyojipatia viongozi na wabunge. Mamia walifukuzwa, kama walivyofukuzwa wale wa 1966. Ukiyaweka matukio haya mawili pamoja utaona jinsi miaka 12 ilivyofanya kazi. Mwaka 1966 wazee waliwauliza vijana: chakula cha kijiji mmekipeleka wapi? Mwaka 1978 vijana waliwauliza wazee swali lilo hilo. Waliofukuzwa safari hii walikuwa wamelielewa somo barabara.

Tangu miaka ya 1990 utaratibu wa kuchangia gharama ulianza kuingia, na kuanzia mwaka 2005 Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu imekuwa ikitoa mikopo inayorejeshwa. Vyuo vikuu vimekuwa vingi, na wanaosoma hawahesabiki tena kwa makumi wala kwa mamia. Deni la mwanachuo wa sasa lina tarakimu, na hukatwa katika mshahara mwezi kwa mwezi mpaka liishe. Utaratibu huu una haki yake, kwa maana huwezesha fedha za aliyetangulia kumsomesha anayefuata. Hatari iliyopo ni kijana kudhani kwamba akimaliza kulipa tarakimu zile, amemaliza na kijiji.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba umri, jinsia, malezi na imani ya mtu juu ya uwezo wake ni mambo ya kweli katika kuijenga ari ya mwanachuo, lakini hayafanyi kazi hewani. Umri ulikuwa nguvu ulipoambatana na maswali ya kazi, ukawa mzigo ulipoambatana na mlango uliofungwa. Jinsia ilikuwa kikwazo pale kanuni ilipoifanya iwe kikwazo. Vijana wa 1966 na wa 1978 walikuwa na akili na juhudi za namna moja, ila walikuwa wamejibu kwa namna mbili swali la nani anayengojea mwisho wa safari.

Kwa hiyo, wanaotaka kuikuza ari ya kufaulu ya vijana wetu wasiishie katika kuwapima kwa hojaji na kuwahimiza kwa zawadi. Wawaonyeshe nyuso za wanaowangojea. Mwanafunzi wa uganga apelekwe zahanati angali mwaka wa kwanza, wa kilimo akae na mkulima msimu mzima, wa sheria akaisikie kesi ya shamba katika mahakama ya mwanzo. Na wale waliokwisha kula chakula cha kijiji zamani, wakapata vyeo na nyumba, wasisahau kwamba vijana wanawatazama wao kwanza kabla ya kusikiliza wanayoyasema. Hilo Mwalimu alilitambua siku ile ya Oktoba 1966, ndipo akaanza na mshahara wake.